Namna ya Kusoma Riwaya Makuyuni Ukiwa Huna Mtihani

Kabla ya yote, jiandae kwa swali. Ukikaa hapa Makuyuni, yaani hii yetu ya Korogwe inayopitiwa na mabasi ya Moshi na Arusha, ukafungua kitabu hadharani na mvi zako kichwani, hazipiti dakika kumi kabla hujaulizwa: "Unasomea nini?"

Mimi ni fundi. Cherehani yangu iko barazani, hatua chache kutoka kijiwe cha bodaboda, na kando ya cherehani pana kitabu siku zote. Aliyeniuliza safari ile ni kijana wa boda aliyeleta suruali ipindwe.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, baba."

"Kumbe unasoma! Unasomea nini?"

"Sisomei kitu. Nasoma tu."

"Ukimaliza wanatoa cheti?"

"Hawatoi."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyesikia nimedhulumiwa.

Simlaumu. Lugha yenyewe ndiyo iliyomfikisha hapo. Kwa Kiswahili aliyeko darasani anasoma, na mwenye kitabu mkononi anasoma. Ukisema "mwanangu anasoma" utaulizwa wapi. Hakuna atakayekuuliza kitabu gani. Basi mtu mzima anayesoma lazima pawe na mtihani mbele yake, wa chuo au wa kupanda cheo, na kama haupo, huenda ana jambo linalomsumbua nyumbani. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kusoma pasipo mtihani. Yote nitakayosema nimeyajaribu mwenyewe kwa miaka mingi, hapa hapa barabarani.

Tuanze na jibu la swali. Usiseme "napoteza mawazo". Kitabu kizuri hakipotezi mawazo, kinayaleta. Tena ukishajibu hivyo, umemruhusu mwenzako akutafutie kazi ya kufanya. Mwambie kinachoendelea humo ndani. Siku ile nilikuwa na Peponi ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis akatuletea kwa Kiswahili mwaka 2022. Nikamwambia yule kijana: kuna mtoto wa miaka 12, baba yake anadaiwa na tajiri mmoja mfanyabiashara. Mtoto anamwita yule tajiri ami. Siku moja anaambiwa afunge vitu vyake, anasafiri na ami yake kwa treni. Anafurahi. Hajui kwamba yeye ndiye malipo.

Kijana alikuwa amekwisha kupanda pikipiki. Akazima moto.

"Ikawaje?"

Mtu akishauliza "ikawaje", hakuulizi tena unasomea nini.

Mahali na wakati wa kusoma si mambo ya kutuchelewesha. Mimi husoma kati ya saa 7 na saa 9 mchana, jua linapowafungia wateja ndani, na kila umeme unapokatika, maana pasi ikilala mimi naamka. Alamisha ukurasa kwa kipande cha kitenge, usiukunje. Usisome unapokata kitambaa. Nguo ya sare ya mtoto mmoja iliwahi kutoka na mikono miwili ya kushoto kwa sababu nilikuwa katikati ya Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, na nililipa kitambaa kile kwa fedha yangu.

Kuchagua kitabu ndiko kunakotaka akili. Jina la mahali petu lina makuyu ndani yake, na kuyu lina somo. Likiiva linapendeza kwa rangi. Ukilipasua, ndani mna wadudu. Mtoto wa hapa anajua: pasua kwanza, tazama, puliza, ndipo utie mdomoni. Fanyia kitabu hivyo hivyo. Usikinunue kwa jalada. Kifungue katikati, usome ukurasa mzima hapo hapo mbele ya muuzaji, umesimama. Kama ni hadithi, angalia kama kuna mtu anayetaka kitu na kitu kinachomzuia. Kama ni kitabu cha ushauri, hesabu ni mara ngapi ukurasa huo umekuita simba au tai. Ukiitwa tai mara mbili katika ukurasa mmoja, mrudishie mwenyewe kwa adabu, umwambie ahsante.

Usiniambie vitabu hamna. Nyumba yoyote aliyotoka mtoto wa kidato cha nne ina riwaya. Tazama juu ya kabati, chini ya kitanda, ndani ya ndoo yenye madaftari yanayongoja kufungiwa karanga. Utaikuta Takadini ya Ben Hanson, utaikuta Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, utaikuta Joka la Mdimu ya Abdallah Safari. Kama mtoto alifika cha sita, huenda pana Vuta N'kuvute ya Adam Shafi au Mfadhili ya Hussein Tuwa. Hiyo ni maktaba. Watu wanalala juu yake, wanalalamika hakuna cha kusoma.

Najua kwa nini hawaigusi. Vitabu hivi vimeteswa. Watoto wetu wamevisoma wakitafuta fani na maudhui, dhamira na ujumbe, hoja tatu kutoka kila kitabu, na mtihani ulipokwisha wakavitupa, nami sioni ajabu. Mtu aliyelishwa wali kwa kuhesabiwa punje hawezi kuupenda wali. Basi kitoe kitabu kwenye ndoo, kifute vumbi, ukisome huna kalamu mkononi. Mwanao alipoisoma Takadini aliandika kwamba mwandishi anapinga mila potofu, akapata alama zake. Wewe msome Sekai, mama aliyekaa miaka bila mtoto, akapata mmoja, na mtoto huyo akazaliwa na ualbino katika kijiji ambacho mila inataka afe. Anambeba mgongoni, anaondoka usiku. Soma mpaka anapofika kijiji cha watu asiowajua, halafu funga kitabu ujiulize: angefika hapa kwetu saa hizo, akabisha mlango wangu, ningefungua? Mimi swali hilo lilininyima usingizi, na halikuwahi kutoka kwenye mtihani wowote.

Sasa rundo la pili. Hapa mjini vinaitwa vitabu vya hamasa, vingine vya mafanikio. Kwa Kiingereza vina jina ambalo ukilifasiri neno kwa neno unapata vitabu vya kujisaidia, na kila Mswahili anajua kujisaidia ni kwenda wapi. Cheka kwanza. Nitarudi hapo, maana ipo siku kujisaidia kwa maana yetu kulikuwa kitabu kweli, tena kitabu bora.

Nimevisoma vitabu vya hamasa, vingi. Wengi wanaovibeza hawajavisoma, na wengi wanaovisifu wameishia sura ya kwanza. Ninachosema hapa nakisema kwa kuwa nawahurumia vijana wanaotoa fedha ya kula wakanunua nakala ya fotokopi iliyofifia, wakaisoma kwa imani, wakaona haiwaingii, wakadhani ubovu ni wao.

Ubovu si wao. Ni vipimo.

Mteja akija kwangu, kitu cha kwanza nachukua futi. Mabega, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Naandika daftarini. Sikati kitambaa cha mtu nisiyempima, hata akinituma kwa simu akasema "wewe shona tu, fundi, unanijua". Ushauri nao ni nguo; unataka vipimo vya anayeuvaa. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alikuwa mgonjwa na alijua hana siku nyingi. Akamtungia binti yake utenzi wa kumwongoza: namna ya kukaa na Mungu wake, na mumewe, na watu. Mwaka uliofuata, 1859, Samuel Smiles akachapisha Uingereza kitabu ambacho jina lake ndilo hadi leo wanaloitia aina nzima ya vitabu hivi. Tuliwatangulia kwa mwaka mmoja, na aliyetangulia ni mama aliyelala kitandani. Sikubaliani na kila alichomwambia bintiye kuhusu mume, na binti zangu wanajua nisipokubaliana. Lakini tazama vipimo! Alimjua msichana yule tangu tumboni. Aliijua nyumba atakayoishi, akawajua majirani zake walivyo na midomo. Shaaban Robert naye, mtoto wa mkoa wetu huu, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alitunga tenzi mbili za nasaha, mmoja kwa binti yake na mmoja kwa mwanawe wa kiume. Hizo ni nguo za kushonewa. Ukizivaa wewe zitakupwaya hapa na kukubana pale, lakini utaona kwamba mshono ulifanywa na mtu aliyempenda mvaaji.

Kwa hiyo kila ushikapo kitabu cha ushauri, uliza kabla hujasoma: kilishonewa nani? Dale Carnegie, aliyetoa kitabu chake cha kupata marafiki mwaka 1936, alikuwa akiwafundisha Wamarekani wa biashara kuzungumza mbele za watu. Anasema hakuna sauti tamu kwa binadamu kama jina lake mwenyewe, basi mtaje mtu kwa jina kila mara. Kwa watu wake ni kweli tupu. Jaribu Makuyuni. Nenda kwa mama mkwe wako, umwite kwa jina lake mara tatu katika mazungumzo, uone kama utapewa chai. Hapa jina tamu ni la mtoto wake wa kwanza: Mama Fulani, Baba Fulani. Ushauri wa Carnegie haukosei, una urefu wa mtu mwingine. Ulete kwa fundi, ukunje pindo: jifunze majina ya watoto wa watu. Nimefanya hivyo, na wateja wangu wameongezeka.

Robin Sharma wa Kanada, mwaka 2018, alitoa kitabu kizima cha kuwaambia watu waamke saa 11 alfajiri. Nilikisoma nikamfikiria mama anayekaanga vitumbua pale kituoni. Saa 11 alfajiri yeye ana saa nzima tangu aamke, mafuta yamekwisha kuchemka. Nikawafikiria wakata mkonge, ambao tangu enzi za manamba wanaingia shambani giza halijaisha ili wamalize sehemu yao kabla jua halijawa moto. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Kama kuamka saa 11 kungetajirisha, milima ya Usambara ingekuwa na hati yenye jina la baba yangu. Kijana wa hapa akisoma kitabu hicho ataona aibu kwa kulala hadi saa 12, wakati kinachomkwamisha ni mtaji, na bei ya mbegu, na mvua. Basi sura hiyo iruke. Wewe umekwisha kuihitimu tangu utotoni.

Ziko sura zinazoruhusiwa kurukwa, na ziko za kukataliwa kabisa. Ninayoikataa ni ile inayofundisha kuwakata watu: ondoa maishani mwako wanaokuvuta nyuma, usipokee simu zao, linda nguvu zako. Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliisoma akaifuata. Akaacha kwenda misibani, maana msiba unakula siku tatu za kazi. Akaacha kutoa rambirambi. Akasema anajenga maisha yake. Kisha akafiwa na bibi yake aliyemlea. Watu walikwenda, maana mtu hazikwi na mjukuu wake peke yake. Lakini nilikuwapo, niliona turubai limefungwa na wazee, kwa sababu vijana wenzake walifika wakati wa mazishi tu, wakashika mchanga, wakaondoka. Usiku ule alikaa na watu wanne. Hakuna kitabu cha hamasa chenye sura ya usiku ule.

Nyingine ya kukataliwa, au tuseme ya kusoma ukiwa umeshika mfuko wako, ni habari ya deni. Robert Kiyosaki, katika kitabu chake cha mwaka 1997 cha baba tajiri na baba maskini na katika vile vilivyofuata, anafundisha kwamba tajiri hutumia deni kama jembe. Yeye anazungumza na mwenye benki, mwanasheria na nyumba za kupangisha. Kwetu deni linalompata mwanamke wa sokoni linaitwa kausha damu. Jirani yangu alilichukua, marejesho ni kila wiki, na wiki alipouguliwa na mtoto walikuja wakabeba kochi na sufuria mbili, moja ikiwa na maharage jikoni. Wakayamwaga, wakaibeba. Ndiyo maana nasema soma Kiyosaki, kisha siku hiyo hiyo usome Peponi. Mmoja atakwambia deni ni jembe. Mwingine atakuonyesha mtoto wa miaka 12 dirishani mwa treni.

Kuna nilichokipenda bila masharti. George Clason, mwaka 1926, aliandika kwamba katika kila kumi unazopata, moja ni yako, iweke. Angalia alivyosema lakini: alisimulia. Aliwatungia wafanyabiashara wa Babeli ya kale hadithi, mtu na mwenzake wakizungumza, na somo likaja likiwa limepanda juu ya hadithi kama mtoto mgongoni. Wanawake wa kikoba chetu hawajamsoma, ila kila Jumamosi wanafanya alichosema, wamekaa kwenye mkeka, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu.

Namna ya kukisoma kitabu cha hamasa, basi, ni hii. Chukua chaki ya fundi. Weka alama kwa kila agizo unaloweza kulijaribu wiki hii, kwa fedha uliyo nayo, ukiwa na mke au mume uliye naye. Chaki inafutika, usiogope. Jaribu agizo moja. Likikufaa, lipitishie wino. Lisipokufaa, lipunguze au litanue. Lisipowezekana kupunguzwa wala kutanuliwa, lifute. Kitabu kikibaki na alama tatu ni kitabu kizuri, kiweke. Kikibaki hakina hata moja, kurasa zake ni laini na nyeupe, zinafaa sana kwa kuchorea ruwaza za kola.

Nilisema nitarudi kwenye kujisaidia. Mwaka 1973 nilikuwa mtoto mdogo, na mama yangu alikuwa kwenye kundi la redio. Ilikuwa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapata milioni 2 nchi nzima walikusanyika kwa vikundi, wakawasha redio, wakasikiliza kipindi, kisha mmoja akasoma kijitabu kwa sauti na wote wakajadili: malaria, maji, na choo. Mama yangu alikuwa amejifunza kusoma muda si mrefu, katika madarasa ya elimu ya watu wazima, na zamu yake ya kusoma ilipofika alijifunga kanga ya pili kiunoni kama anayekwenda harusini. Namkumbuka kidole kikitembea chini ya maneno. Walipomaliza, hawakupiga makofi wakaenda kulala na moyo wa moto. Kesho yake walichimba. Choo chetu cha kwanza kilitoka ndani ya kijitabu kile, pamoja na vyoo vya majirani. Kiliandikwa kwa watu wanaojulikana, kikasomwa kwa pamoja, kikatekelezeka kwa jembe ambalo kila mtu alikuwa nalo. Kipime kila kitabu cha mafanikio kwa kijitabu kile. Uliza: kimechimbisha nini?

Haya yote ni ya ushauri. Lakini kitabu ninachokitoa kwa mikono miwili ni riwaya, na nitakwambia kwa nini kwa kisa kimoja tu, ingawa ninavyo vingine.

Palikuwa na baba mmoja, mteja wangu, mwenye mabinti watatu. Mkali wa ajabu. Sare za shule alileta mwenyewe, akasimama mwenyewe binti akipimwa, akafuata mwenyewe zikiwa tayari. Binti akisalimiwa na kijana barabarani, usiku nyumba hailali. Alikwisha kusemwa na mwalimu, na shehe, na dada yake, na kila aliyemshauri aliongeza kufuli moja mlangoni. Alikuwa anapenda kusoma magazeti yangu ya kufungia nguo akisubiri. Siku moja nikampa Rosa Mistika.

Kitabu hicho Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, alikitoa mwaka 1971 akiwa kijana wa miaka 27, na kwa muda kilipigwa marufuku mashuleni. Ndani yake kuna Zakaria, baba anayempenda bintiye Rosa na anayempiga kikatili kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anakua akiogopa wanaume badala ya kuwajua. Akifika mbali na fimbo ya baba, hana kingine cha kumwongoza. Sitasema yanayofuata.

Alikaa nacho wiki tatu. Akakirudisha kimefungwa kwenye gazeti. Hakusema kizuri wala kibaya. Akauliza jambo moja:

"Fundi, huyu mwandishi alimjua nani wa huku kwetu?"

"Hakumjua mtu wa huku. Alikuwa wa Ukerewe, Ziwa Victoria."

Akatikisa kichwa, akaondoka. Muhula uliofuata sare ilipokuwa tayari, binti wa pili alikuja kuichukua peke yake. Nikamuuliza baba yuko wapi, akasema yupo nyumbani, amesema njoo tu. Nikampa sare yake, nikamtazama akivuka barabara, akiangalia kulia na kushoto kama mtu anayejua kuvuka.

Kezilahabi hakumpima baba yule. Hakuwa anamshonea. Riwaya ni jora. Mwandishi anakuwekea kitambaa kizima mezani, nawe unakata vazi lako mwenyewe, kwa siri, wala hakuna atakayejua ulilikatia wapi. Mkaidi haambiliki ana kwa ana. Akiachwa peke yake na mtu wa kwenye kitabu anayefanana naye, anajiambia mwenyewe. Ndiyo sababu hata Shaaban Robert, ambaye namheshimu kuliko wote, namsoma zaidi katika mashairi. Katika Adili na Nduguze ndugu wawili wanaitwa Hasidi na Mwivu, na mtu ukishamwita Mwivu, msomaji mwenye wivu hatajiona humo, atamwona jirani yake. Zakaria anaitwa Zakaria tu. Anaweza kuwa mimi.

Sasa kuazimisha, maana ukianza kusoma hadharani utaombwa. Usikatae, na usimwamini mtu. Miaka ya nyuma niliazimisha Kisima cha Giningi, ya Muhammed Said Abdulla, ile ya Bwana Msa mpelelezi mwenye kiko. Kilirudi baada ya miezi saba, kimepitia mikono sijui mingapi, kurasa za mwisho hazipo. Aliyekirudisha aliapa kilikuwa hivyo. Nikaenda genge la jirani kununua karanga, nikazifungua, na karatasi iliyofungiwa ilikuwa na Bwana Msa akizungumza. Ukurasa mmoja, wa katikati ya ufumbuzi! Niliurudisha kwenye kitabu na mafuta yake ya karanga. Mwenye genge akapekua rundo lote, hatukupata nyingine. Jioni nikawasomea kijiwe sura zilizobaki kwa siku nne mfululizo, tukafika penye pengo, na watu wazima wenye pikipiki wakabishana hadi saa 3 usiku nani mwenye hatia. Mmoja alikataa abiria wa kwenda Korogwe mjini kwa kuwa hoja yake haijaisha.

Tangu hapo nina utaratibu, na ninakushauri uuige kwa kipimo cha kazi yako. Ninalo daftari. Anayeazima anaandika jina la kitabu kwa mkono wake, tarehe, na kurasa zilizopo, tukizihesabu pamoja. Na nguo yake iliyo kwangu haitoki mpaka kitabu kirudi. Mwenye genge angeweza kushikilia mzani wa mtu, fundi baiskeli tairi. Muhimu kiwe kitu ambacho mwenyewe atakikumbuka Jumapili asubuhi.

Kwa sasa daftari lina vitabu sita nje. Peponi iko kwa mama wa vitumbua, anaisoma kurasa tatu kila alfajiri mafuta yakichemka. Takadini iko kwa mwenyekiti wa kikoba. Kuli ya Adam Shafi, ya mwaka 1979, habari za Rashidi na wachukuzi wa bandari ya Unguja waliogoma mwaka 1948, iko kwa yule kijana wa boda aliyeniuliza cheti, tangu Jumanne iliyopita. Suruali yake ninayo, imepindwa na kupigwa pasi.